Daftari la Keki

Jumamosi jioni, nyumba yetu hapa Musoma hunukia iliki na mkaa. Binti yangu wa miaka 13 huwa amechuchumaa uani, jasho linamtoka. Oveni hatuna. Ana sufuria kubwa yenye mchanga alioutoa ufukweni mwa ziwa, akauosha na kuuanika. Mchanga ukishika moto, anaweka ndani yake sufuria ndogo yenye rojo la keki, anafunika, kisha anapanga makaa juu ya mfuniko: moto mwingi juu, mdogo chini. Mimi sikumfundisha. Amejifunza kwa kuunguza.

Keki yake ya kwanza iliungua chini kama gome la mti, katikati ikabaki uji. Nilipoiona nilianza kuhesabu mayai, sukari na siagi vilivyopotea, na maneno makali yakanifika kooni. Kabla sijayatoa, yeye alishakaa kizingitini na daftari kuukuu la shule, anaandika: “Moto wa chini umezidi. Mchanga haukutosha.” Nikayameza. Namshukuru Mungu hadi leo kwamba niliyameza.

Tangu siku ile kila keki ina ukurasa wake. Iliyobonyea katikati imeandikiwa: “Nimefunua mapema.” Siku hizi ananieleza mwenyewe: “Baba, beking pauda inatoa hewa, hewa inainua keki, lakini unga na mayai visipoiva hakuna cha kuishikilia. Ukifunua, inakaa.”

Shangazi yake wa Bunda alipomwagiza keki ya kipaimara, tulisafiri nayo kwa basi, boksi likiwa magotini mwake. Kwenye kila tuta aliliinua kwa mikono miwili. Hata hivyo tulipofika, ua moja la krimu lilikuwa limelala ubavu. Watu walikula, wakasifu, na shangazi akamlipa kama anavyolipwa fundi yeyote. Usiku niliona ameandika: “Krimu ishike kwanza ndipo tusafiri.”

Kisha akataka kumwokea bibi yake wa Butiama, mama yangu mzazi, ambaye amekulia ugali wa mtama na hadi leo ngano kwake ni chakula cha wageni. Mtama hauna mnato wa ngano. Keki mbili zilimomonyoka mikononi kama udongo mkavu. Ya tatu, yenye robo tu ya mtama, ikasimama.

Njiani kwenda kwa bibi nilimwambia kwamba mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito, wa umri unaokaribia wake, alitoka Butiama kuja Musoma kuanza shule Mwisenge. Mtoto huyo, akiwa Rais, mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka masomo na kazi za mikono visitengane. Mwaka 2024 baadhi ya sekondari zetu zilianza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, nami nimeufurahia. Lakini mtaala hauwezi kuingia uani kwetu jioni, keki ikiwa imeungua, ukamzuia mzazi asifoke. Shule itampa mtoto ufundi. Ruhusa ya kukosea na kusema “nimekosea” ataipata nyumbani, au ataikosa kabisa.

Wazazi wengi tunajivunia kinachoonekana: cheti, alama, picha ya keki yenye maua. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sisi tumeshika nusu ya pili tu, tunaitumia kama fimbo. Mtoto anayeogopa kukaripiwa hujifunza kwanza kuficha. Leo atafukia keki iliyoungua nyuma ya nyumba. Kesho, akiwa mhasibu au muuguzi, atafukia jambo kubwa zaidi. Binti yangu hafukii kitu, na hiyo ndiyo fahari yangu.

Bibi alikula kipande polepole, akanyamaza, akasogeza sahani aongezwe. Sote tulishangilia. Tuliporudi Musoma nilimkuta binti yangu mezani ameinama. Nikasubiri alale, nikafunua ukurasa wa mwisho:

“Butiama. Bibi amekula vipande viwili. Mtama uko sawa. Chumvi imezidi kidogo.”

Miongoni mwetu sote tuliosifu, hakuna aliyeisikia ile chumvi isipokuwa yeye.