Saa Nne Asubuhi, Bamvua

Katika kaunti za pwani ya Kenya, mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi aghalabu huitishwa saa nne asubuhi. Kwa afisa anayetoka makao makuu ya kaunti, saa hiyo inafaa: hema limesimama, viti vimepangwa, chifu amefika. Lakini siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, saa nne ndipo maji yanapokaribia kutoka kabisa. Mwamba uko wazi, na akina mama wasakao pweza wako huko, leso zimefungwa kiunoni, kila mmoja na kijiti chake cha kuchokolea tundu. Bahari haiwasubiri, baada ya saa chache itakuwa imerudi. Kumwita mama huyo siku hiyo ni kumtaka achague kati ya kusema na kupika.

Tena bamvua si siri. Mtoto yeyote wa pwani atakutajia siku zake kwa kuangalia mwezi. Kwa hiyo mkutano ukiangukia hapo, ninachokiona ni kwamba aliyeupanga hakumuuliza mtu. Nami naamini heshima huanzia kwenye swali hilo dogo, kabla kipaza sauti hakijawashwa.

Katiba ya 2010 haikuliacha jambo hili kwa hisani ya kiongozi. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwawezeshe wananchi kushiriki katika shughuli zake. Ila sheria inaweza kutimizwa kwa karatasi. Daftari la mahudhurio hupitishwa mapema. Mzee huandika jina na nambari ya kitambulisho, akatia sahihi, hajasikia bado hata neno moja. Baadaye karatasi zile hubandikwa kwenye ripoti, na kufika kwake kukahesabiwa kuwa ameridhia. Hapo mzee amedhulumiwa, hata kama alikirimiwa soda na nauli.

Watu wa Lamu walikataa dhuluma ya aina hiyo. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulikuwa ujengwe Kwasasi, na leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Wakaipinga mbele ya jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Mikutano ilikuwa imefanyika, naam, lakini ilikuwa ya utangulizi tu, kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Mvuvi angetoa maoni gani kuhusu jambo ambalo hajaelezwa litaifanya nini bahari yake?

Kuruwitu, kule Kilifi, mambo yalikwenda kinyume: wavuvi wenyewe walikubaliana kutenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, kwa kuwa samaki walikuwa wakipungua. Ulikuwa uamuzi wa kujinyima, na waliouamua ndio waliokosa kitoweo kwanza. Amri ya kutoka mbali isingedumu hivyo.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katikati hapo, maoni ya wananchi yanapotakiwa, maji mafu huja kila baada ya wiki mbili hivi. Siku hizo mwamba hautoki vizuri, na wasaka pweza wengi wako nyumbani. Mtu wa Gazi au Vanga anaweza kumtajia afisa tarehe za maji mafu kwa simu moja.