Haki ya Mtoto Kukosea

Asiyefunzwa na mamaye, walisema wahenga, hufunzwa na ulimwengu. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaonya watoto watundu, lakini ndani yake mna fikira inayowahusu zaidi wakubwa. Yatuambia kuwa wako walimu wa namna mbili: mama, pamoja na wote wafundishao kwa niaba yake, ambaye humkanya mtoto kisha akamsamehe, na ulimwengu, ambao hausamehi wala hausahau. Kazi ya malezi ni kumweka mtoto kwa mama hata apate nguvu za kukutana na ulimwengu. Leo mitandao ya kijamii inapoingia katika madarasa ya shule za msingi, hatuna budi kujiuliza: je, tumeuleta ulimwengu umsaidie mama, au tumemtoa mtoto kwa mama kabla ya wakati wake?

Hatusemi haya kwa kuvichukia vyombo vipya. Taifa letu limekwisha kuona faida ya chombo kinachotumiwa kwa busara. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini Tanzania kusikiliza redio. Lakini redio haikuachwa ifundishe peke yake. Vikundi vilikuwa na viongozi na vitabu. Baada ya kusikiliza watu walijadiliana, na baada ya kujadiliana walishika majembe wakachimba vyoo. Sauti ilitoka mbali, bali fikira na kazi zilibaki kijijini, mikononi mwa wenyewe.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wako walimu waliopeleka mazoezi kwa njia ya WhatsApp katika simu za wazazi. Jitihada hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na simu ya namna hiyo, au hakuwa na fedha za kifurushi cha intaneti, hakupata kitu. Chombo kinachomfikia mmoja na kumpita mwenziwe hakiwezi kuwa msingi wa elimu ya taifa linaloamini usawa.

Lakini simu zaweza kuongezeka, na bei zaweza kushuka. Liko swali lisiloondoka kwa wingi wa simu, nalo ni la heshima ya mtoto. Darasa ni mahali pa kukosea. Mtoto huandika ubaoni kuwa 7 mara 8 ni 54. Mwalimu humsahihisha, wenzake hucheka kidogo, kifutio hupita, na kosa limekwisha. Wazee wetu waliijua hekima hii. Katika jando na unyago vijana walifundwa mbali na macho ya watu, na mambo ya kumbini hayakutangazwa barazani. Siku hizi huonekana mitandaoni picha ya mtoto aliyeshindwa kusoma neno, imepigwa darasani na mtu mzima, na watu wasiomjua wanamcheka. Kosa hilo halina kifutio. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wengine watasema kuwa mzazi akikubali, yatosha. Mzazi ana haki ya kuamua mengi juu ya mwanawe; lakini atakayeubeba mzigo wa picha hiyo ni mtu mzima wa miaka ishirini ijayo, ambaye leo hawezi kuulizwa. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Hata wenye Facebook na TikTok wameweka umri wa miaka 13 kuwa mwanzo wa kujiunga, umri ambao watoto wengi wa shule ya msingi hawajaufikia.

Basi mwalimu afanye nini? Na achukue mfano wa redio ya mwaka 1973. Simu iwe moja, mkononi mwake, kwa faida ya darasa zima. Darasa la Bukoba laweza kulitegea kitendawili darasa la Lindi. Watoto washauriane, na jibu liende kwa jina la darasa, pasipo sura wala jina la mtoto. Waweza kupima mvua shuleni kwao, wakalinganisha vipimo na wenzao. Na kila habari ipokelewapo, wafundishwe kuuliza: nani amesema, amejuaje, na anapata faida gani tukimwamini?

Nanyi wanafunzi wa sekondari, mlio na wadogo zenu nyumbani, jukumu hili ni lenu pia, kwa kuwa mara nyingi simu imo mikononi mwenu. Mdogo wako atauingia ulimwengu siku yake itakapofika. Na auingie akiwa amefunzwa, wala asikute umekwisha kumhukumu kwa kosa la darasa la pili.