Neno "Ni Dhahiri"

Nilikuwa na umri wa miaka 44, mwalimu wa dogmatiki katika chuo chetu cha theolojia, nilipoomba ruhusa ya kuhudhuria somo moja la shahada ya kwanza ya hisabati katika chuo kikuu kilicho jirani. Somo lenyewe ni uchambuzi wa namba changamano. Wachungaji wenzangu walicheka. Mke wangu aliuliza kama nimepewa adhabu. Sababu yangu ilikuwa ndogo tu: nilisoma hisabati mpaka kidato cha sita, nikaitwa katika uchungaji, na miaka yote hiyo nilijiona kama mtu aliyeondoka nyumbani bila kufunga mlango.

Kwa asiyezijua namba hizi, nieleze kidogo. Shuleni tulifundishwa kwamba namba hasi haina kipeuo cha pili, maana hakuna namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe itatoa hasi. Mwaka 1545 Mwitalia Girolamo Cardano aliuliza jinsi ya kugawa 10 katika sehemu mbili ambazo zikizidishwa zitoe 40. Jibu lilihitaji kipeuo cha pili cha −15. Aliliandika, akalipigia hesabu, likakubali. Kisha akasema waziwazi kwamba haoni faida yake. Mwaka 1572 Rafael Bombelli alikwenda mbele zaidi. Alikuwa na mlinganyo ambao mtu angeweza kuona jibu lake kwa kujaribu tu, nalo ni 4, lakini kanuni ya kulitafuta ilipita katikati ya kipeuo cha pili cha −121. Bombelli alikubali kupita humo. Akaweka kanuni za kujumlisha na kuzidisha vitu hivyo vya ajabu, na mwisho wa safari akatokea na 4 ileile. Yeye naye alikiri kwamba mwanzoni aliona jambo hilo kama ujanja wa maneno. Descartes, mwaka 1637, akaziita namba za kufikirika tu, na jina hilo halijafutika.

Niliwapenda wazee hawa. Walitumia kitu wasichokielewa, na waliwaambia wasomaji wao kwamba hawakielewi.

Nilifurahi pia kumkuta ndugu yetu mmoja. Bernhard Riemann, ambaye bila yeye somo hili lisingekuwa lilivyo, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri kule Hanover. Mwaka 1846 alikwenda Göttingen kusoma theolojia, kisha akamwomba baba yake ruhusa ya kuhamia hisabati. Baba alikubali. Miaka mitano baadaye kijana aliandika tasnifu yake kuhusu mambo haya haya yaliyokuwa yakininyima usingizi. Nilijisikia kama tumepishana njiani, yeye akitoka nilikokuwa naingia.

Sasa nije kwenye jaribio la kwanza. Katika somo hili unajifunza kutembea juu ya mstari ukijumlisha, hatua kwa hatua, thamani za kanuni fulani. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alionyesha kwamba ukizunguka na kurudi ulipoanzia, jumla yako ni sifuri, mradi ndani ya mzunguko wako kanuni hiyo haina mahali inapovunjika. Swali lilitaja kanuni ya moja gawanya kwa z, na duara linaloizunguka sifuri. Nikaandika kwa kujiamini: ni dhahiri kwamba jumla ni sifuri, kwa kuwa tumerudi tulipoanza. Lakini moja haigawanyiki kwa sifuri, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Pale katikati pana shimo, na kwa sababu ya shimo hilo jumla haiwi sifuri. Inakuwa mbili mara pai mara kipeuo cha pili cha −1. Nilipata alama 9 katika 30.

Aliyesahihisha ni kijana msaidizi wa mhadhiri, umri wake haupishani sana na wa mtoto wangu wa kwanza. Alikuja kwenye dawati langu, akanipa shikamoo, akaonyesha maneno aliyoyazungushia wino mwekundu. "Mchungaji," akasema, "sisi tukikuta mtu ameandika 'ni dhahiri', tunajua hapo ndipo alipochoka kufikiri."

Najua mhubiri yeyote anayesoma hapa ameshaona mfano wa mahubiri katika lile shimo. Aniwie radhi, sitautumia. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua majalada ya mahubiri yangu ya miaka sita. Dhahiri. Bila shaka. Sote tunafahamu. Maneno hayo yalikuwa yamekaa pale pale nilipokuwa sina la kusema. Nikafika kwenye ibada ya maziko ya mtoto wa miaka tisa wa usharika niliokuwa nikisaidia, aliyeugua homa siku tatu tu. Kwa mwandiko wangu mwenyewe: ni dhahiri kwamba Mungu alikuwa na kusudi jema kumtwaa mtoto huyu. Mama yake alikuwa mwanakwaya. Baada ya maziko yale hakuonekana tena kanisani, na tulisema, mimi pia nilisema, kwamba imani yake imepoa.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa kanisa, alinijibu kwamba aliyefiwa hahitaji hesabu, anahitaji neno la faraja. Na mchungaji asiposema mpaka athibitishe, hatasema kitu milele. Ana haki kwa sehemu. Ufufuo siutangazi kwa kuwa nimeukokotoa. Nautangaza kama shahidi aliyepokea ahadi, na kila anayenisikia anajua ni ahadi. Lakini kusudi la kifo cha yule mtoto sikuahidiwa na mtu. Sikulisoma katika Maandiko wala halikufunuliwa kwangu. Nililitunga kaburini kwa sababu ukimya ulinitisha, kisha nikalivika kanzu yangu. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1525 kuhusu utumwa wa utashi, alitenganisha Mungu aliyejifunua na Mungu aliyejificha, akatuonya tusiyachungulie ya huyo wa pili. Nimefundisha kitabu hicho darasani mara nyingi. Na rafiki zake Ayubu wanajulikana: walisema mambo mengi ya kumtetea Mungu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia.

Kwa hiyo swali ninaloliona zito hapa ni la unyoofu. Je, ni uongo kusema jambo jema la Mungu ambalo hulijui? Zamani ningejibu kwamba si uongo, maana nia ni njema na Mungu kweli ni mwema. Leo naona ni uongo, na ni mbaya kuliko mwingine kwa sababu aliyeumizwa hawezi kuupinga. Kijana yule alikuwa na wino mwekundu. Mama yule alikuwa na leso mkononi, nami nilikuwa na kipaza sauti.

Somo nilifaulu, kwa alama C. Kabla ya mtihani wa mwisho nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa uani anachambua maharage. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya maneno niliyosema kaburini. Aliniangalia muda mrefu.

"Mchungaji, mimi nimeomba kila usiku nionyeshwe hilo kusudi," akasema. "Nikawaza, mbona yeye ameambiwa, mimi mama yake sikuambiwa? Nina dhambi gani?"

"Sikuambiwa, Mama," nikasema. "Sikulijua. Hata sasa silijui. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alilia kidogo, akajifuta kwa upande wa khanga, akauliza jina la mtoto bado nalikumbuka. Nikalitaja. Akaniambia alivyokuwa anapenda kupanda mwembe ule pale, na jinsi alivyokuwa akimdanganya kwamba ameshanawa mikono. Kisha akanisogezea kigoda na ungo wa pili, tukaendelea kutoa mawe kwenye maharage mpaka giza likaanza kuingia. Kwaya hajarudi.