Je, Kutosaidia Nako ni Wema?



Mwanzoni mwa Oktoba familia tatu za hapa Salt Lake City tulipanda magari mawili kwenda hifadhi ya Yellowstone, tuwahi kabla njia hazijafungwa. Ikifika Novemba barabara karibu zote za kule hufungiwa magari ya kawaida kwa sababu ya theluji, isipokuwa ile ya kaskazini inayopita Bonde la Lamar. Tulikuta nyumba za wageni zimeanza kufungwa, na mafundi wanamwaga maji ya mabomba yasije yakagandia ndani na kuyapasua. (Sisi wahandisi hatuwezi kuipita kazi kama hiyo bila kusimama kutazama. Watoto walitungojea garini wakinung'unika.) Wageni walikuwa wachache, nyasi zimepauka kama mkeka wa zamani, na alfajiri madume ya elki, wale kulungu wakubwa wa huku, bado walikuwa wanaitana kwa mlio mwembamba wa filimbi usioendana kabisa na miili yao.

Tulitembea kwa miguu karibu saa tatu, tukiongea kwa sauti makusudi. Msimu huu dubu hula kutwa kucha kujiwekea mafuta ya usingizi wa baridi, na si vyema kumshtua mwenye njaa. Dubu hatukumwona, wala wengi wetu hatukusikitika.

Alasiri, kule Lamar, kundi la baisani, nyati wa huku wenye manyoya, lilivuka mto. Ndama mmoja wa mwaka huu akabaki ukingo wa upande wetu, mguu mmoja wa nyuma haugusi chini. Mama yake alirudi mara mbili hadi katikati ya maji, akasimama, kisha akawafuata wenzake. Ndipo binti mmoja wa msafara wetu, mwenye miaka 11, alipouliza:

"Anko, si una kamba kwenye gari?"

Kamba ilikuwapo. Tukamweleza kwamba sheria inakataza kumkaribia baisani chini ya mita 23, na dubu au mbwa mwitu chini ya mita 91. Kwamba hapa mambo ya porini huachiwa pori lenyewe. Kwamba mbwa mwitu naye ana watoto. Tulijibu upesi, kama watu waliosoma. Mama mmoja kati yetu, aliyetokea Uvira na kukaa miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kufika Utah, alisikiliza hadi mwisho, akasema taratibu: "Maneno hayo nimeyasikia. Walituambia hivyohivyo sisi. Msiingilie, yatakwisha yenyewe."

Hatukuwa na la kumjibu pale, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Swali la binti si jipya pale hifadhini. Mwaka 1983 baisani mmoja alitumbukia kwenye barafu ya mto Yellowstone; watu waliokuwa wakipita wakajaribu kumvuta kwa kamba wakashindwa, na wakuu wa hifadhi wakaagiza aachwe. Akafa. Mwaka uliofuata dubu jike na watoto wake watatu walikwama kwenye kisiwa cha ziwa la pale baada ya barafu kuyeyuka, nao wakaokolewa, kwa kuwa dubu wa aina ile walikuwa wanalindwa wasitoweke. Ukisikia hadithi mbili hizi kwa mara ya kwanza utadhani ni upendeleo. Sisi pia tulidhani hivyo.

Lakini hebu tutazame nani alisababisha nini. Barafu iliyommeza baisani haikutengenezwa na mtu. Upungufu wa dubu ulitokana na watu, kwa bunduki na kwa kuwanyang'anya makazi. Mbwa mwitu vilevile: kufikia 1926 walikuwa wamemalizwa pale kwa kuuawa makusudi, na mwaka 1995 na 1996 wakaletwa 31 kutoka Kanada. Kwa hiyo si kweli kwamba hifadhi huachwa ijiendeshe yenyewe. Panapovunjwa na mkono wa mtu, mkono wa mtu hurudi kutengeneza. Kanuni hiyo fundi yeyote anaielewa.

Na huruma isiyojua inachokigusa inaweza kuua. Mei 2016 wageni walimwona ndama wa baisani, wakadhani anaumia kwa baridi, wakampakia ndani ya gari. Askari wa hifadhi walijaribu kumrudisha kwa kundi lake, likamkataa. Mwishowe wakalazimika kumuua. Waliompakia hawakuwa wakatili. Walitaka roho zao zitulie, na tukisema ukweli, hata sisi tulipoifikiria ile kamba tulikuwa tunajifikiria wenyewe nusu nzima. Kwani tungemvuta apelekwe wapi, na mguu ule?

Hapo ndipo tulipofika, na tunadhani tulifanya sawa kuiacha kamba garini. Ila yule mama naye alikuwa na haki, kwa upande ambao hatukuuona mapema. Vita haviji kama barafu. Vina wenye kuviwasha, wenye kuuza silaha na wenye kunyamaza, na anayewatazama watu kwa darubini huku akisema yatakwisha yenyewe amewageuza wenzake kuwa wanyama wa hifadhi. Kosa letu lilikuwa kumpa mtoto jibu la porini kana kwamba linafaa kila mahali. Kijana mmoja wetu akaanza kulitumia kwa ndugu wa nyumbani tunaowatumia pesa, eti nao waachwe wajitegemee. Tulimkatiza. Ndugu anapopiga simu kuhusu ada ya shule hatuzungumzii mbwa mwitu.

Usiku ule, kwenye chumba cha kupanga huko Gardiner, tulimwita binti tukamwambia kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yetu. Akauliza kama tutarudi asubuhi. Tukarudi. Ukingo ulikuwa mtupu, hakuna ndama, hakuna kunguru, na theluji nyepesi ilikuwa imefunika nyayo. Akachukua darubini akaelekeza ng'ambo, liliko kundi, akatazama kwa muda mrefu. Tulimuuliza ameona nini, akasema bado anahesabu.