Kukubali Kushindwa

Wazee wetu walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husemwa sana viwanjani, na aghalabu maana yake hufanywa nyepesi: aliyeshindwa hutakiwa ampe mshindi mkono, atabasamu, kisha aende zake. Lakini mkono waweza kutolewa hali moyo umefumba ngumi. Basi kukubali kushindwa ni kufanya nini hasa? Na je, yampasa mtu kukubali hata pale ambapo kosa lililomwangusha lilianzia katika mkono wa mwingine?

Swali hili lilimfika Roberto De Vicenzo, mchezaji wa gofu kutoka Argentina, siku ya Jumapili, tarehe 14 Aprili 1968, katika mashindano ya Masters yafanyikayo Augusta, Marekani. Siku hiyo alikuwa anatimiza umri wa miaka 45.

Katika gofu mpira mdogo hupigwa kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Mashimo ni 18, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Hesabu ya kila mchezaji huandikwa na mwenziwe anayecheza naye. Mwisho wa mchezo mwenyewe huikagua kadi yake na kutia sahihi. De Vicenzo alilimaliza shimo la kwanza kwa mapigo 2 tu, mahali ambapo hesabu ya kawaida ni 4. Aliendelea vema, na shimo la 17 akalimaliza kwa mapigo 3, umati wa watu ukishuhudia. Shimo la 18 lilimharibikia, likamgharimu mapigo 5. Akaenda mezani akiwa na uchungu wa shimo hilo la mwisho, akaitazama kadi asiione. Tommy Aaron, aliyemwandikia, alikuwa ameandika 4 katika shimo la 17 badala ya 3. De Vicenzo akatia sahihi.

Sheria ilisema, na ingali inasema, kwamba mtu akitia sahihi hesabu ya shimo iliyozidi mapigo yake, hesabu hiyo humshika. Ikiwa imepungua, huondolewa mashindanoni. Basi mapigo yake 65 ya siku hiyo yakawa 66. Jumla yake ya siku nne, ambayo ingekuwa 277 sawa na ya Bob Goalby, ikawa 278. Wawili hao wangalirudiana kesho yake kutafuta bingwa. Badala yake ubingwa ukawa wa Goalby.

Mtu aliyefikwa na jambo kama hili huona milango miwili imefunguliwa mbele yake. Wa kwanza ni kuilaumu sheria. Je, haikuwa kali, maadamu watu wengi waliona kwa macho yao kuwa mapigo yalikuwa 3? Ilikuwa kali, hapana shaka. Lakini kiwanja cha gofu ni kipana, wala mwamuzi hawezi kumfuata kila mchezaji; mchezo wote umesimama juu ya uaminifu wa sahihi. Lau sahihi ya mtu ingefutwa kila inapomuumiza, nani angeiamini pale inapomfaa? Sheria kali iliyojulikana na wote tangu mwanzo si sawa na dhuluma.

Mlango wa pili ni kumlaumu mwandishi. Aaron alikosea kweli, na kusema kuwa hakukosea si ukarimu bali ni uongo. Hata hivyo makosa yalikuwa mawili: moja la kuandika, na jingine la kutosoma. La pili peke yake ndilo lililokuwa katika uwezo wa De Vicenzo. Naye alilichukua hilo. Alijiita mjinga mbele ya watu, wala hakumtupia mwenziwe lawama. Laiti angalimtupia, asingalipata hata pigo moja, na angalimchafulia Goalby ushindi. Goalby alicheza mapigo 66 siku hiyo, wala kadi ya mwenziwe hakuigusa. Lakini walikuwapo watu waliomwona kama mtu aliyeokota ushindi njiani. Manung'uniko ya mshindwa humnyima mshindi furaha aliyoitolea jasho.

Lakini uko pia upotovu wa upande wa pili. Yuko mtu ambaye akishindwa mara moja husema kuwa yeye si kitu, na siku zake zote ni bure. Huyu hudhani kuwa ni mnyenyekevu, kumbe naye anaiharibu hesabu. Mwenye kujitetea hujipunguzia mapigo aliyoyapiga. Mwenye kujidharau hujiongezea mapigo ambayo hakuyapiga. Wote wawili wametia sahihi kadi isiyo ya kweli. De Vicenzo alikuwa ameshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1967, na kusahau kwa dakika moja hakukuufuta ubingwa huo. Kukubali kushindwa, basi, ni kuandika sehemu yako ilivyo, bila kuzidisha wala kupunguza.

Mwaka 1970 Chama cha Gofu cha Marekani kilimpa De Vicenzo tuzo ya Bob Jones kwa uungwana wake mchezoni. Tuzo hiyo haikumrudishia pigo lake, na hadi alipofariki mwaka 2017 kadi ya Augusta ilibaki vilevile. Wema haulipi kila hasara, wala hatuutendi kwa kutaraji malipo hayo.

Kijana msomaji, huenda usiguse fimbo ya gofu maisha yako yote. Lakini karatasi ya mtihani itakurudia siku moja ikiwa na alama chache kuliko ulizotumaini. Pengine swali lilikuwa gumu, pengine msahihishaji alipitiwa. Likiwapo kosa lake, mwonyeshe kwa adabu. Kisha rudi kwenye karatasi yako, utafute jibu ulilolijua ukaliandika vibaya kwa kuwa hukulisoma tena kabla ya kuikabidhi. Hilo ni lako. Ukilipata, umekwisha kuanza kujiandaa kwa mtihani ujao.