Tulipongoja Vimondo Chini ya Mawingu



Mara nyingi nimesimama mbele ya wachumba hapa Myanga nikiwafundisha kwamba mume na mke hawafichani. Mwezi huu ni haki nikiri mbele yenu kwamba fundisho hilo mimi mwenyewe nililivunja, na kwamba nilirudishwa darasani usiku mmoja wa mawingu.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 tulilipwa fedha za miwa. Ndugu yangu mmoja akaja na shida, nami nikampa sehemu kubwa ya fedha zile bila kumwambia mama watoto. Aliahidi kuzirudisha baada ya majuma mawili. Hakurudisha. Mke wangu alipouliza kuhusu karo ya muhula wa tatu nilimjibu kwamba ipo. Mwisho wa Julai akausikia ukweli kisimani, kinywani mwa mtu mwingine.

Hakunigombeza. Chakula kiliwekwa mezani, maji ya kuoga yalipashwa moto, lakini maneno yaliisha. Siku zote huniita Baba Watoto. Sasa aliniita Mwalimu, kama wanavyoniita watu wa nje. Ninyi mnaokijua kimya cha namna hiyo hamhitaji maelezo. Ugomvi huisha jioni, lakini kimya hulala nanyi kitandani.

Shule zilipofungwa, kijana wetu wa kidato cha pili alirudi nyumbani na habari aliyofundishwa. Kila mwaka, karibu na tarehe 12 na 13 Agosti, dunia hupita katika vumbi lililoachwa njiani na nyota yenye mkia iitwayo Swift-Tuttle. Nyota hiyo hulizunguka jua kwa miaka ipatayo 133, na mara ya mwisho ilipita karibu na jua mwaka 1992. Vumbi lake, nyingi ya punje zake ndogo kama mchanga, huingia katika hewa yetu kwa kasi ya kilomita zipatazo 59 kwa sekunde na kuwaka. Hivyo ndivyo vimondo ambavyo wazee huviita nyota zinazoanguka.

Nami nikaongeza yangu. Wakatoliki wa Ulaya tangu zamani huviita Machozi ya Mtakatifu Laurenti, kwa kuwa huonekana karibu na sikukuu yake, tarehe 10 Agosti. Laurenti alikuwa shemasi wa Roma aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Mapokeo husimulia kwamba alitunza mali ya Kanisa, na mtawala alipomdai hazina hiyo alimletea maskini, akamwonyesha kwamba hazina ndiyo hao. Nilipokuwa nikisimulia nilimwona mke wangu akiitazama sahani yake. Shemasi yule alitoa hesabu mbele ya adui, nami nilishindwa kuitoa mbele ya mke wangu.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili tarehe 13, saa tisa usiku, kijana alitugongea mlango. Tukatoka sote, watoto watatu, mama yao amejitanda leso, nami nimebeba blanketi. Tulitandika magunia uani tukaelekea kaskazini, uliko Mlima Elgon. Hata mlima haukuonekana. Agosti kwetu ni mwezi wa mvua, na mawingu yalikuwa yametanda kila upande. "Tungoje, Baba," kijana akasema, "labda yatapasuka." Kufikia saa kumi watoto wote walikuwa wamelala juu ya magunia. Mke wangu hakuinuka. Nami sikuinuka.

Giza lina msaada wake, kwa maana huuoni uso wa mwenzako. Nilisema, "Mama Watoto, zile fedha nilizitoa mimi, nikakudanganya. Sikukueleza kwa sababu nilijua utakataa." Nilikuwa nimejiandalia sababu nyingi za kuongeza. Sikuziongeza.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Fedha zingeniuma zikapoa. Kilichoniuma ni kuambiwa kisimani." Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kesho baada ya kanisa tukae tuandike hesabu." Akalivuta blanketi, likatufunika sote wawili.

Mara akanyosha mkono. "Kile!" Nilipoinua macho wingu lilikuwa limekwisha kufunga. "Umekiona?" Sikukiona. Nilitaka kusema huenda ni kimulimuli, lakini nikajizuia. Kwa miezi miwili mwanamke huyu aliliamini neno langu, nalo lilikuwa la uongo. Je, mimi nishindwe kuliamini lake? Nikamwambia, "Kama wewe umekiona, basi kimepita."

Asubuhi ile niliongoza ibada ya Jumapili. Somo la kwanza lilitoka Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19: Eliya mlimani, ambaye hakumkuta Mungu katika upepo wala tetemeko wala moto, bali katika sauti ndogo ya upole. Nililisoma kwa shida. Usiku mzima nilikuwa nimengoja moto wa angani, na sauti ile ilikuwa imekaa kando yangu juu ya gunia.

Wapendwa, nawaachia mambo matatu.

Kwanza, mawingu hayaondoi kilicho juu yake. Vimondo vilipita usiku ule wote, tuvione tusivione. Vivyo hivyo neema ya sakramenti yenu haikauki kwa sababu nyumba ina giza. Lakini simwambii hivyo anayepigwa au kutishwa. Huyo asiambiwe angoje wingu lipite. Atoke kwanza, aende kwa watu watakaomlinda.

Pili, ngojeni pamoja. Kama ningengoja chumbani na yeye jikoni, tusingepata la kusema.

Tatu, msamaha unataka hesabu. Tuliandika kila shilingi katika daftari. Karo tuliilipa kidogo kidogo, na ndugu yangu alirudisha nusu tu. Hata hivyo ilifika Krismasi kabla mke wangu hajaacha kuniuliza jambo moja mara mbili, na sikuwa na haki ya kukasirika. Jina la Baba Watoto lilirudi lenyewe, siku ambayo sikuitazamia.

Zoezi la mume na mke: usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba huja vimondo vingine, vingi kuliko vile vya Agosti. Palipo na giza zuri na anga safi, baada ya saa sita usiku mtu anaweza kuona kama kimoja kwa dakika. Tokeni nje wawili, simu zibaki ndani, kila mmoja ajibu maswali haya:

1. Ni jambo gani ambalo mwenzangu anaweza kulisikia kisimani kabla hajalisikia kwangu?
2. Ni lini mara ya mwisho nililiamini neno lake bila kudai ushahidi?

Na mawingu yakitanda, msikimbilie kurudi kitandani. Mungu azibariki nyumba zenu.