Ahadi ni Deni, Hata kwa Mungu?

Ndugu msomaji, katika Biblia ya Kiswahili mimi na wewe tumetiwa kapu moja: Mataifa. Yaani kila asiye Myahudi, awe Mrumi, Myunani, Mnyamwezi au Mkikuyu. Nilipokuwa mafundisho ya kipaimara nilimwuliza mwalimu wetu, lile agano Mungu alilofanya na Ibrahimu limekwenda wapi? Akanijibu harakaharaka, "Wayahudi walikataa, wakaachwa. Israeli sasa ni sisi." Darasa zima tukafurahi. Nani hapendi kurithi?

Lakini usiku sikulala. Mwanzo 17 inalitaja agano hilo kuwa la milele. Kama Mungu alilitupa kwa sababu wana wa Ibrahimu walikosa, basi mimi ninayekosa kila siku nina dhamana gani? Wahenga walisema ahadi ni deni. Anayeruka deni la jirani yako, kesho ataruka na lako.

Wapo watakaonifungulia Waebrania sura ya 8, panaposemwa agano la kwanza limechakaa. Sawa, imeandikwa. Ila tusichanganye mambo. Pale panazungumzwa agano la Sinai, lenye ukuhani na dhabihu zake. Paulo katika Wagalatia 3 anasema torati, iliyokuja miaka 430 baadaye, haiwezi kuitangua ahadi. Tena hilo agano jipya lenyewe, kwa mujibu wa Yeremia 31, lifanywe na nani? Na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Sisi hatukutajwa pale. Tumeingia kwa kukaribishwa.

Na tulikaribishwa vizuri. Yapata mwaka 49 hivi, mitume na wazee walikaa Yerusalemu wakabishana kama mtu wa Mataifa aliyeamini ni lazima atahiriwe. Wakuu wa kikao kile walikuwa Wayahudi. Wangeweza kutufungia mlango, hawakuufunga. Na kule Antiokia, Petro alipoiacha meza aliyokuwa akila na Mataifa kwa kuwaogopa wenzake, Paulo alimkemea mbele ya watu. Hebu fikiri: Myahudi anagombana na Myahudi mwenzake kwa ajili ya sahani yetu!

Sisi tulilipaje? Antiokia hiyohiyo, mwaka 386 na 387, kasisi Yohane Krisostomo alihubiri maneno makali mno dhidi ya Wayahudi, maana baadhi ya Wakristo walikuwa wakienda kwenye sikukuu zao. Kumbe mgeni kashajifanya mwenye nyumba, anamfukuza aliyemfungulia! Na Paulo alikwisha kuonya katika Warumi 11: sisi ni matawi ya mzeituni mwitu, tumepandikizwa tu, shina ndilo linalotubeba. Ilikuwa mpaka mwaka 1965 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba Wayahudi wasielezwe kama watu waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu. Katikati hapo damu nyingi ilimwagika.

Mtu ataniuliza, eti unataka tuwe Wayahudi? Hapana. Semei Kakungulu wa Uganda alishika njia hiyo mwaka 1919, akatahiriwa, na jamii ya Abayudaya ipo mpaka leo karibu na Mbale. Namheshimu. Lakini kikao cha Yerusalemu kiliniruhusu nije nilivyo. Wala sisemi kila linalotendwa na serikali ya Israeli ni takatifu; manabii wenyewe waliwakemea wafalme wao.

Ninachosema ni hiki: uaminifu wa Mungu haugawanyiki. Ukiukata kwa Ibrahimu, umeukata na kwako. Mwalimu wangu alinipa urithi kwa kumfukuza mrithi. Mimi nimeurudisha, nikachukua kiti cha mgeni, na nakuambia kweli, tangu siku hiyo nalala. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekwisha kuja. Tujiulize sasa, mwenyeji amepona, au tumemtia majeraha?